Mlima Umepinda kwa Nani?

Rafiki yangu ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya Morogoro mjini, na ana kipaji cha kusema jambo lisilo sahihi kwa sauti ya mtangazaji anayesoma matangazo ya vifo redioni. Humkatizi. Jumamosi tukipanda kwenda Morningside, mimi nikihema, yeye akihubiri, hutoa madai mawili matatu kuhusu chembe, milima na bahati, kisha hugeuka kuutazama mji ulio chini kana kwamba hakimu ameshasoma hukumu. Nimeyaandika madai hayo kwa miezi kadhaa, kwa kuwa si ya kwake peke yake. Nimeyasikia kwa wanafunzi wa chuo, kwa bwana shamba mmoja, na moja nimelisikia kwa fundi paa. Mimi namwita Mwalimu, naye huniita Mzee ingawa amenizidi miaka miwili. Haya ndiyo majibu yangu.

Dai la kwanza: "Chembe hutembea ovyo kwa sababu ina uhai, au kwa sababu mtu kagusa meza."

Hili halihitaji muda. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, alitazama kwa hadubini vijichembe vilivyotoka ndani ya chavua ya ua liitwalo Clarkia pulchella, vikielea majini. Vilikuwa vikichezacheza bila kutulia. (Vitabu vingi husema aliona chavua yenyewe ikicheza. Chavua ni kubwa mno kwa ngoma hiyo. Vilivyocheza ni vilivyokuwa ndani yake.) Naye alidhani kwanza kwamba ni uhai. Ndipo akajaribu mimea iliyokwisha kufa, kioo kilichosagwa, mawe ya kila aina, hata kipande cha Sphinx ya Misri, ambacho hakuna awezaye kukishuku kuwa kinapumua. Vyote vilicheza. Maelezo ya kihesabu yalikuja 1905 kwa Albert Einstein: molekuli za maji huigonga chembe kutoka pande zote, na kila kitambo kidogo upande mmoja huuzidi mwingine. Jean Perrin alilipima jambo hilo Ufaransa kuanzia 1908, na kazi hiyo ikachangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Kwenye kisa hicho nachukua kitu kimoja tu, kwa sababu tutakihitaji mbele. Umbali wa chembe ya namna hii haukui sambamba na muda. Ukitaka ifike mara mbili ya mbali, subiri mara nne. Ukitaka mara kumi, subiri mara mia.

Dai la pili: "Nasibu ni nasibu. Chembe isiyojua inakokwenda haiwezi kujua umbo la mahali ilipo."

Hapa Mwalimu ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayosumbua kuijibu. Ni kweli chembe haijui kitu. Lakini haihitaji kujua. Kila hatua inayopiga lazima itue mahali, na idadi ya mahali pa kutua huamuliwa na umbo la uso, wala si chembe.

Nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, nunua chungwa moja na fungu la saladi iliyoshuka kutoka Mgeta, ile yenye majani ya kujikunjakunja pembeni. Chukua uzi wa sentimita 3. Bana ncha moja juu ya chungwa, ulaze uzi kwenye ganda, zungusha ncha ya pili huku ukichora. Utapata mduara. Sasa chora mwingine kwa uzi ule ule juu ya karatasi. Wa karatasi utakuwa na mzunguko wa sentimita 18.8 hivi. Wa chungwa, kama chungwa lina unene wa sentimita 8 kutoka upande hadi upande, utakuwa na 17.1 hivi. Uzi haukubadilika, mkono haukubadilika, lakini nafasi iliyoko umbali wa sentimita 3 imepungua. Sasa tazama jani la saladi. Ukingo wake unajikunja kwa sababu una urefu mwingi kuliko unaoweza kulazwa mezani. Ukilibana kwa kiganja litajipandanisha au litachanika. Huko nafasi huongezeka kadiri unavyotoka katikati, tena huongezeka kupita ile ya karatasi.

Mweke sasa mlevi katika kila uso. Mwaka 1921 George Pólya, Mhungari aliyekuwa akifundisha Zürich, alithibitisha jambo ambalo wenye vilabu hawakuhitaji kuthibitishiwa: anayetembea katika mji wa mitaa iliyonyooka, akichagua njia kwa bahati katika kila njia panda, atarudi mlangoni alikoanzia. Labda kesho, labda baada ya miaka elfu, lakini uwezekano wa kurudi ni kamili. Ukimpa pia uwezo wa kupanda na kushuka, yaani pande tatu badala ya mbili, uwezekano huo huanguka hadi kama 34 kati ya 100. Kuanzia hapo watu wakakariri: pande mbili unarudi, pande tatu unapotea.

Kanuni hiyo ni ya karatasi. Juu ya chungwa mlevi harudi tu, bali hupita karibu na kila kitundu cha ganda, tena na tena, kwa kuwa hana pa kutorokea. Juu ya saladi isiyo na mwisho, inayoendelea kujikunjakunja kila unapotoka nje, mambo hugeuka kabisa. Uso wake bado ni wa pande mbili, lakini kila hatua ya kwenda nje ina nafasi nyingi kuliko hatua ya kurudi ndani, na mlevi anaweza kupotea moja kwa moja, asionekane tena. Pombe ni ile ile na miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni sakafu.

Tofauti hii kati ya chungwa, karatasi na saladi ina mwenyewe. Carl Friedrich Gauss aliwasilisha kazi yake kuhusu nyuso zilizopinda mbele ya chama cha wanasayansi cha Göttingen mwezi Oktoba 1827, mwaka ule ule ambao Brown alikuwa ameinamia hadubini London. Sina ushahidi kwamba yeyote kati yao aliijua kazi ya mwenzake wakati huo. Nafurahia tu kwamba mwendo ulipata shahidi na uso ulipata kipimo ndani ya mwaka mmoja. Gauss alionyesha kwamba uso una mpindo wa ndani, unaoweza kupimwa na mdudu asiyeinua kichwa, kwa uzi na miduara peke yake. Chungwa lina mpindo chanya, karatasi haina mpindo, saladi ina mpindo hasi. Mlimani Uluguru, kilele kama Bondwa ni chungwa. Kipito kati ya vilele viwili, ambapo ardhi inapanda kushoto na kulia lakini inashuka mbele na nyuma, ni saladi. Safu ya Uluguru inapopungua kimo pale Bunduki, kati ya msitu wa kaskazini na ule wa kusini, ndiyo sura ninayoifikiria.

Mwalimu, akisikia hayo, hurusha swali ambalo ni zuri kuliko dai lake: "Kwa hiyo, Mzee, punje ya mchanga iliyo juu ya Bondwa inauhisi mpindo wa Bondwa?" Hapana. Mpindo huonekana kwa chembe pale tu mzururo wake unapofikia ukubwa wa kulinganishwa na mpindo wenyewe. Kwa punje inayojongea sentimita chache kwa mwaka, kilele cha mlima unaozidi mita 2,100 ni meza. Ndiyo maana wanaouchunguza mpindo huu kwa bidii hawako milimani. Wako kwenye maabara za baiolojia, wakitazama protini zinavyozurura juu ya utando wa seli, ambako vilima na mabonde ni ya ukubwa wa chembe zenyewe. Lakini kwa punje ya Uluguru kuna mpindo wa namna nyingine, na huo nitaufikia.

Dai la tatu: "Kama mlevi hufika kila mahali mwishowe, basi kuzurura ni njia nzuri ya kutafuta kitu."

Neno "mwishowe" limebeba mzigo usio wake. Gawa uwanja wa mita 100 kwa 100 katika viraba vya mita moja moja. Viraba ni 10,000, na anayepita kwa mistari atavimaliza kwa hatua kama 10,000. Kwa anayezurura kwa bahati kuna kanuni iliyothibitishwa 2004 na Dembo, Peres, Rosen na Zeitouni kuhusu muda wa kukikanyaga kila kiraba. Kanuni hiyo, kwa uwanja ambao kingo zake zimeunganishwa ili asigonge ukuta, inatoa hatua 270,000 hivi. Mara 27. Tabia ile ile ya kurudirudi inayomfikisha mlevi nyumbani ndiyo inayompotezea muda, kwa kuwa anakanyaga alipokwisha kanyaga.

Morogoro ndio mji usiohitaji kuelezwa jambo hili. Panya buku wa shirika la APOPO, wanaofunzwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini, hawaachiwi wazurure. Panya hufungwa kwenye kamba iliyovutwa kati ya watu wawili, akaenda mstari mmoja, kamba ikasogezwa, akarudi mstari wa pili. Panya mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa hapo na kupewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, aliipata akiwa ndani ya mistari.

Mwalimu akanijibu kwamba panya shamba hana kamba. Kweli, na hata hivyo naye si mlevi wa Pólya. Watafiti wa Sokoine na wenzao wa ng'ambo wamekuwa wakiwanasa, kuwatia alama na kuwaachia panya shamba wa Morogoro mwezi hadi mwezi tangu 1994, na ukisoma kazi hizo unakutana na mnyama mwenye mtaa wake. Hutangatanga, lakini ndani ya eneo analolijua. Umbali wake hukua mwanzoni kama wa chembe, kisha husimama.

Dai la nne: "Uso ukionekana umepinda, mwendo juu yake lazima upinde."

Hili nililisikia kwa fundi, tukiwa juu ya paa, yeye akipigilia misumari na mimi nikijifanya nasaidia. Sisimizi mmoja alikuwa akikatiza migongo ya bati. "Huyu," fundi akasema, "angekuwa kwenye sakafu angeshafika."

Fundi mwenyewe ana ushahidi wa kumpinga mkononi mwake. Bati lilianza likiwa bapa. Kiwandani lilipitishwa kati ya roli, likakunjwa, halikuvutwa wala halikubanwa. Ungelichora duara kabla halijaingia rolini, duara lingetoka upande wa pili likiwa na mzunguko ule ule, ukipima kwa kulaza uzi kwenye bati. Kwa kipimo cha Gauss, bati la migongo halina mpindo hata chembe. Sisimizi anayetambaa juu yake hana kipimo chochote cha uzi na miduara ambacho kingemwambia kuwa hayupo sakafuni. Karatasi iliyozungushwa ikawa bomba ni vivyo hivyo. Hata paa la nyumba ya msonge, ambalo kila mtu angeapa kwamba ni la mviringo, ni bapa kila mahali isipokuwa pale kileleni, kwenye ncha, ambako mpindo wote umejikusanya kama nukta moja. Sisimizi akipita mbali na ncha hatajua. Akiizunguka, atagundua kwamba mzunguko wake ni mfupi kuliko alivyotarajia.

Kwa nini basi fundi aliona kweli kwamba sisimizi anachelewa? Kwa sababu fundi alikuwa akitazama kutoka juu. Tuseme bati lililokuwa na upana wa mita 1 lilipokunjwa likabaki na upana wa sentimita 80. Sisimizi anayekatiza migongo anatembea mita nzima, lakini macho ya aliye juu yanahesabu 80. Na kwa kuwa katika mwendo nasibu kinachokua na muda ni mraba wa umbali, kasi yake ya kusambaa kwa kukatiza migongo huonekana kuwa 0.64 ya ile ya kweli. Akifuata mgongo kwa urefu hakuna anachopoteza. Mwaga sisimizi mia katikati ya bati, panda juu ya mwembe utazame: doa lao litapanuka kwa umbo la yai, refu kwa urefu wa migongo, wakati wao wenyewe wanajiona wanasambaa kwa duara.

Ramani ni mtu aliye juu ya mwembe. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 100 za ardhini ni mita 87 za ramani. Kwenye nyuzi 45, ni mita 71. Kwa uso wenye mabonde na vilima vilivyotapakaa kila upande bila kupendelea, kasi ya kusambaa inayoonekana kwenye ramani hupungua kwa kiasi kile kile ambacho eneo la ramani ni dogo kuliko eneo la ardhi yenyewe. Ukisoma basi kwamba kitu fulani husambaa polepole mlimani kuliko mbugani, uliza kwanza kilipimwa kwa kamba ya ardhini au kwa ramani. Ninaamini, ingawa Mwalimu hakubali, kwamba sehemu ya sifa ya milima kuwa "kikwazo" ni deni la ramani.

(Msomaji mwenye shamba la ekari moja kwenye mteremko wa nyuzi 45 atakuwa ameshapiga hesabu kwamba ardhi yake halisi ni ekari 1.41. Asishangilie sana. Mvua hushuka wima, na mvua anayopata ni ya ekari moja.)

Dai la tano: "Mteremko mkali ndio unaokula udongo."

Hili ni la bwana shamba, ni la Mwalimu, na kwa muda mrefu lilikuwa langu. Nalo ndilo lililonifanya niandike.

Tone kubwa la mvua, la milimita 5, hufika ardhini likiwa na kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Likitua kwenye udongo ulio wazi, punje huruka pande zote. Kwenye ardhi tambarare zinazoondoka hulipwa na zinazoruka kutoka jirani. Kwenye mteremko, punje iliyoruka kuelekea chini husafiri mbali kidogo kuliko iliyoruka kuelekea juu, kwa sababu ardhi imeikimbia kabla haijatua. Ongeza fuko anayetupa udongo nje ya shimo lake, mizizi inayosukuma, mchwa, udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kila kimoja huisogeza punje kidogo, huku na huku, na mteremko huongeza upendeleo mdogo wa kwenda chini. Huo ndio mwendo nasibu wa Uluguru. Hauonekani kwa jicho, wala hauachi kufanya kazi msimu wa mvua.

Kadiri mteremko unavyokuwa mkali, ndivyo punje nyingi zaidi zinavyopita. Hapo dai ni sahihi. Kosa linaanza pale msemaji anapodhani kwamba kupita ni kupotea. Simama kituoni utazame daladala inayoshusha abiria kumi na kupakia kumi kila kituo. Shughuli ni nyingi, kelele ni nyingi, na gari halipungukiwi. Mteremko mkali lakini ulionyooka ni daladala hiyo: punje zinazotoka kwa chini hulingana na zinazoingia kwa juu. Kinachopoteza udongo ni mahali ambapo mteremko unabadilika. Shamba ambalo mpaka wake wa juu una mteremko wa 10 kwa 100 na mpaka wake wa chini una 30 kwa 100 hupokea fungu moja na kutoa matatu. Shamba lililogeuzwa, kali juu na pole chini, hutajirika. Na mgongo wa kilima, ambao juu kabisa ni tambarare kama sebule, unatoa pande zote mbili na haupokei kutoka popote. Huyo mkulima aliyejisifu kwamba amepata sehemu isiyo na mteremko, kule juu mgongoni, ndiye anayefilisika.

Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia wa Marekani, alilieleza hili mwaka 1909 alipotaka kujua kwa nini vilele vya vilima vyenye udongo huwa vya mviringo badala ya kuwa na makali kama kisu. Katika miaka ya 1960 Mwingereza Culling aliliandika kwa hesabu kamili, na hesabu hiyo ni ndugu wa damu wa ile ya Einstein: kimo cha ardhi hupungua palipotokeza na huongezeka palipobonyea, kwa kipimo cha mpindo.

Mpindo huu si ule wa Gauss. Chukua mgongo mrefu wa kilima, ulionyooka kama mgongo wa bati. Kwa sisimizi asiyejali uzito ni sakafu, kama tulivyoona. Kwa udongo si sakafu hata kidogo, kwa kuwa uzito husoma kimo, na kimo kimepinda. Umbo ni moja, wasomaji ni wawili, kila mmoja anasoma mstari wake. Madai mengi ninayoyajibu hapa yanatokana na kusahau kuuliza ni nani anayesoma.

Sasa haki ya upande wa pili. Kanuni ya mpindo ni ya mtupotupo wa matone na mjongeo wa polepole. Maji yakishakusanyika na kutiririka, inakoma kutawala. Mkondo huongezeka nguvu kwa urefu wa mteremko na ukali wake, na bonde lililokuwa likitajirika kwa punje za matone ndilo linalochimbwa korongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala, Anders Rapp akiwa mmoja wao, lilichunguza udongo unaobebwa na Mto Morogoro kutoka milimani hadi mjini. Kile walichokipima majini ni kazi ya mikondo, na huko bwana shamba ana haki ya kutaja mteremko kwanza.

Lakini kutaja mteremko peke yake kuna historia hapa. Katika miaka ya 1950 utawala wa Waingereza ulileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru, ukawaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi. Mantiki ilikuwa ile ya dai la tano: ondoa mteremko, umeondoa tatizo. Tuta la ngazi haliondoi mpindo. Linauhamisha, likaujaza wote kwenye ukingo wa kila ngazi na kwenye kitako chake, kama ncha ya msonge. Ukingo hupukutika, kitako hujaa, na kuna kazi ya kuurudisha udongo isiyokwisha. Sidai kwamba mpango huo ulikufa kwa hesabu ya mpindo. Ulikufa kwa kazi ya shuruti, kwa udongo mwembamba ambao ulipochimbwa ulileta juu tabaka lisilootesha kitu, na kwa hasira ya watu iliyolipuka Matombo mwaka 1955. Waluguru walikuwa tayari na ngazi zao ndogo, za kukokota udongo kutoka juu na kufukia majani chini yake, zilizofuata mlima badala ya kuukata. Walioleta amri hawakuziona kuwa elimu.

Dai la sita, alilolitoa Mwalimu siku ya mwisho, nadhani kwa kunichokoza: "Basi kama punje huenda kwa bahati, hata maporomoko ya ardhi ni bahati tu, huanguka popote."

Tarehe 23 Februari 1970, eneo la Mgeta lilipigwa na mvua iliyozidi milimita 100 ndani ya muda usiofika saa tatu. Paul Temple na Rapp waliochunguza baadaye walihesabu maporomoko yanayozidi 1,000, mengi yakiwa madogo na ya juujuu. Karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na kwenye nyasi. Katika ardhi yenye miti hayakufika hata moja kati ya mia. Hakuna aliyeweza kusema asubuhi ile ni mteremko upi utakaokatika, na kwa maana hiyo ilikuwa bahati. Lakini bahati inayokwepa msitu mara 99 kati ya 100 ina mwelekeo, na mwelekeo huo ulikuwa mizizi. Tena poromoko si mwendo nasibu wa punje. Mwendo nasibu ni jumla ya hatua ndogo zisizohesabika, na uzuri wa hesabu yake yote unatokana na udogo huo. Poromoko ni hatua moja. Ukiliingiza kwenye kanuni ya Einstein utapata namba, ila namba hiyo haitakuwa inaelezea kitu.

Mwalimu amesoma haya yote. Amekubali la kwanza na la tatu, la nne amesema atamuuliza fundi mwingine, na la tano amelikataa katakata. Alipendekeza tuchukue mchanga, tuupake rangi, tuumwage kwenye shamba la shemeji yake njia ya Mgeta kabla ya mvua za vuli: mwekundu juu ya mgongo wa kilima, wa njano kwenye mteremko mkali ulionyooka, wa bluu kwenye mbonyeo wa chini. Masika yakiisha tuhesabu uliobaki. Anaamini wa njano ndio utakaotoweka wote, nami nitaaibika.

Nilimwambia wa njano utatoweka kweli, kuliko rangi nyingine yoyote, na hautathibitisha chochote. Rangi inaonyesha waliopanda daladala. Haionyeshi kama gari limepungua. Kwa hiyo tumeongeza vijiti vya chuma, vitano kila sehemu, vimepigiliwa ardhini hadi alama ya msumeno. Kijiti kikichomoza, udongo umekwenda bila kulipwa. Kikizama, umelipwa na riba. Vya mteremko ulionyooka nimemwambia avipigilie yeye mwenyewe, kwa nyundo yake, asije akasema nililegeza. Shemeji yake ametuuliza mara mbili kama tuna kibali cha kuchimba madini.